Kuku Anayesimama: Miaka Thelathini na Mitano ya Mama Winfrida Alute Kwenye Meza ya Mikasi

Alhamisi, tarehe 30 Aprili 2026, Mama Winfrida Alute anastaafu baada ya kuitumikia Karakana ya Kadi na Mapambo ya parokia yetu hapa Itigi kwa miaka thelathini na mitano na miezi miwili. Likizo yake ya mwisho ilipaswa kuanza mara baada ya Pasaka. Hakwenda. Fomu yake ya makabidhiano ilikuwa imejazwa yote isipokuwa mstari mmoja, na mstari huo ulikuwa unanisubiri mimi.

Kamati iliniomba niandike wasifu huu kwa sababu, walisema, mimi ndiye niliyesoma. Wanaokumbuka Juma Kuu la mwaka jana wanajua kwamba kusoma kwangu kumeshaisumbua karakana hii vya kutosha. Hata hivyo nimekubali, kwa kuwa deni la maneno ndilo pekee ninaloweza kulilipa bila kushika mkasi.

Mama Winfrida alizaliwa Sepuka mwaka 1966, akaja Itigi akimfuata mume wake, Mzee Stanley, aliyekuwa fundi wa reli. Februari 1991 aliajiriwa hapa kufagia. Kazi hiyo hakudumu nayo. Sista aliyesimamia karakana wakati ule alikwenda kumwaga taka, akaona mabaki ya karatasi kwenye pipa hayafanani na mabaki. Kulikuwa na majani, kulikuwa na nyota, na juu kabisa kulikuwa na kuku amesimama kama aliye hai. Wiki iliyofuata ufagio ulipewa mtu mwingine, na Mama Winfrida akakaa kwenye meza ya mikasi. Hajainuka hadi leo, ukiacha uzazi wa watoto wanne na safari moja ya kung'oa jino.

Sista alipohamishwa alimwachia mkasi wake wa fundi cherehani, ule mweusi uliozungushiwa ukanda wa mpira wa baiskeli kwenye vishikio. Wafanyakazi wote wanaujua mkasi huo, na wote wameshawahi kukatazwa kuugusa. Mwenzetu Dorkas aliwahi kuuchukua mara moja tu ili akate kamba ya mfuko wa unga. Mwaka wa tisa huu, bado anakumbushwa.

Mwaka wa zile mvua kubwa, 1998, reli ilikatika na karatasi hazikufika. Pasaka ilikuwa imekaribia na altare haikuwa na ua hata moja. Mama Winfrida alikusanya mifuko ya saruji kutoka kwa wajenzi, akaikung'uta, akaigeuza ndani nje, akakata mayungiyungi ya rangi ya udongo. Waumini hawakujua kwamba ni dharura. Walidhani ni mtindo mpya, na mwaka uliofuata, karatasi nyeupe zilipokuwa tele, wakaja kulalamika: "Mbona mwaka huu mmetuwekea maua ya kawaida?"

Lakini kazi inayobeba jina lake ni kuku wa Pasaka. Kila mtoto anayebatizwa Jumatatu ya Pasaka hupewa kuku wa karatasi ya manila mwenye vifaranga watatu, ambaye hutundikwa kwa uzi juu ya mlango wa nyumba yao. Kuna nyumba ambazo utajua idadi ya watoto kabla hujapiga hodi. Majirani zetu Waislamu nao huja kuomba wa nyumba mpya, na Mama huwakatia palepale huku akiuliza habari za shamba.

Kuku huyo si kuku wa kitabuni. Ana shingo ndefu, miguu mirefu, mkia uliobinuka, na mguu mmoja umeinuliwa kidogo, kama kuku aliyeingia kwenye alizeti ya jirani akasikia mtu anakuja. Mama humkata bila kuchora. Hukunja karatasi mara mbili ili watoke wanne kwa mpigo, kisha mkono wa mkasi hutulia na mkono wa karatasi ndio unaozunguka. Mguu hukatwa mwisho. Akimaliza humtundika mlangoni kwa uzi na kumtazama anavyogeuka na upepo. Akielemea kichwani, hurudi mezani. Akisimama, hupita.

Ndipo nilipofika mimi.

Niliajiriwa Januari 2025 kwa majaribio ya miezi sita, nikiwa na shahada ya usanifu, kompyuta yangu mwenyewe na imani kubwa isiyokuwa na sababu yoyote. Wiki ya pili niliiandikia kamati barua ya kurasa tatu nikiomba inunuliwe mashine ya kukata karatasi, ile inayounganishwa na kompyuta, unachora, nayo inakata kwa kisu kidogo kama ncha ya kalamu. Niliandika kwamba itafanya kazi ya watu sita. Karakana ina watu sita. Sikuwa nimehesabu. Mama Winfrida aliisoma barua hiyo taratibu hadi mwisho, akavua miwani na kuniuliza: "Mwanangu, katika hao sita, wewe ni wa ngapi?"

Nilikaa na swali hilo wiki nzima. Ni tabia yangu: naweza kutafuna neno moja hadi lipoteze ladha, huku kazi ikinisubiri.

Mashine ilifika kwa basi mwezi wa pili. Kwa mkosi, mchoro wa kwanza nilioununua mtandaoni ulikuwa wa sungura aliyebeba kapu la mayai. Nilikata sungura ishirini na kuwapanga dirishani nikingoja sifa. Mama Winfrida alimshika mmoja masikio. "Huyu naye anataga?" Nilieleza kwamba ni desturi ya nchi nyingine. Alinisikiliza kwa heshima kubwa, jambo lililonikera zaidi. Siku hiyohiyo mkulima mmoja wa kunde aliyekuja kuchukua kadi alisimama dirishani, akawatazama sungura wangu, akasema: "Sasa huyu mwizi ndiye mnamtundika kanisani?" Sungura wote ishirini walitumika kuwashia jiko la chai.

Nikachora kuku. Alitoka mnene, ametulia, miguu mifupi, kama picha kwenye mfuko wa chakula cha mifugo. Kamati iliona anafaa, kwa kuwa mwaka huo watoto wa kubatizwa walikuwa mia moja na arobaini na muda ulikuwa mfupi. Ikaamuliwa kuku wote wakatwe na mashine. Mama Winfrida alifunika mkasi wake kwa kitambaa na kuanza kukunja bahasha.

Sasa nieleze habari ya asali, kwa kuwa najua wengi mmeisikia kwa namna mbalimbali, na nyingine zina chumvi.

Karatasi ikiingia kwenye mashine hulazwa juu ya mkeka mdogo wa plastiki wenye gundi, ili isitembee kisu kinapopita. Mwaka jana mvua iliwahi kukatika, vumbi la barabarani likaingia, likachanganyika na mabaki ya karatasi, na mkeka ukaacha kunata. Jumanne ya Juma Kuu karatasi zikaanza kuteleza. Kuku wakatoka wamekatika shingo. Mkeka mwingine ungechukua siku tisa kufika, nami nilikuwa nimebakiwa na sita. Kulikuwa na ndoo ya asali kwenye stoo, iliyoletwa na wafuga nyuki kwa ajili ya mnada wa parokia. Nikawaza kisayansi. Asali inanata. Nikaipaka mkeka wote, tabaka jembamba, kwa brashi ya rangi ya maji, nikafungua madirisha ili ikauke.

Kuku wa kwanza aliingia. Hakutoka. Wa pili alitoka akiwa amebeba nusu ya wa kwanza. Nikiwa bado nasoma ujumbe wa hitilafu kwenye kompyuta, nyuki wa kwanza akapita dirishani, akafuatwa na jamaa zake wote. Wapo waliosema walikuwa maelfu. Mimi nilikuwa chini ya meza, kwa hiyo siwezi kuthibitisha. Ninachokijua ni kwamba mwenyekiti wa kamati, Mzee Antipasi, alichagua dakika hiyohiyo kuja kukagua maendeleo, na aliumwa sikio la kushoto. Mama Winfrida alisema neno moja la Kinyaturu ambalo sitaliandika kwenye kijitabu cha kanisa, akawasha kipande cha gunia, akawatoa nyuki kwa moshi polepole kama anayewasindikiza wageni.

Kikao kilifanyika jioni ile. Mzee Antipasi, sikio likiwa kubwa kama la yule sungura wangu, alitaka mashine iuzwe na mimi nirudi nilikotoka, nisingoje hata miezi sita iishe. Nilishaanza kupanga moyoni namna ya kumweleza mama yangu mzazi. Mama Winfrida ndiye aliyesimama. "Nyuki wameifuata asali," alisema, "hawakuifuata mashine. Na huyu mtoto hajavunja kitu, amekipaka utamu tu. Mniachie mimi."

Waliniacha kwake. Asubuhi yake alifunua mkasi na kuigawa kazi kwa wenzangu wanne: wengine mabawa, wengine vifaranga, yeye akashika miguu. Jumamosi Kuu mchana kuku mia moja na arobaini walikuwa wananing'inia kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta, na hakuna mtoto aliyekosa wake. Mimi nilipewa ufagio.

Nilifagia siku zile kwa uchungu, nikijiona nimeadhibiwa, na kusema kweli nikiifurahia adhabu yangu kidogo, maana mtu aliyejiona amekosa sana huwa na jambo la kuwaza. Siku ya tatu Mama Winfrida alikuja kuchungulia pipa langu la taka. Alitia mkono hadi chini, akageuza mabaki, akautoa mkono mtupu. "Kumbe wewe unafagia tu?" aliuliza, akaenda zake.

Ilinichukua hadi usingizini kuelewa alikuwa anatafuta nini.

Kuanzia Jumanne ya Pasaka niliokota mabaki. Alinipa mkasi mwingine, mdogo, wenye kutu, na sharti: mashine isikate tena kuku hadi mimi niwe nimemkata mmoja kwa mkono, bila kuchora, anayesimama akitundikwa mlangoni. Mkeka aliuosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, akautundika kivulini kama mkeka wowote wa nyumbani, na kesho yake ukanata kama mpya. Kijitabu cha mashine kilikuwa na ukurasa mzima unaoeleza jambo hilo. Niliuruka. Kichwa chake kilikuwa "Usafi", nikaona haunihusu.

Mwaka mzima nimekata kuku. Tatizo langu ni mguu. Ninafika mwisho nikiwa nimeshaanza kujipongeza, mkasi unateleza, mguu unaanguka. Dorkas aliwatengea kuku wangu vilema kapu lao, akaliita wodi, na kila asubuhi alinisalimia kwa kuuliza wagonjwa wameamkaje. Kwa bidii nyingi niliweza kuwasimamisha baadhi yao mezani, lakini mlangoni wote waliinama kichwa kama wanaosali.

Pasaka ya mwaka huu ikaja nikiwa bado sijaweza, na kuku wote wakakatwa na Mama. Likizo yake ikaanza. Yeye akaja kazini. Mzee Stanley, aliyetangulia Sepuka kumalizia nyumba yao, akapiga simu kuuliza kama mkewe ameajiriwa upya. Kwenye fomu ya makabidhiano meza ilikuwa imeandikwa, stuli mbili, mashine moja, mkeka mmoja safi. Mstari wa mwisho ulikuwa mtupu, na Mama alikataa kutia sahihi. Mzee Antipasi alimwambia mstari mmoja hauna neno, aondoke tu akapumzike. Alijibu: "Nikiondoka huyu akiwa hajui, milango ya Itigi itatundikwa nini?" Usiku wangu wote uliofuata haukuwa na raha. Kulikuwa na mtu aliyekuwa amejenga nyumba na hakuwa anakwenda kuishi ndani yake, kwa sababu ya vidole vyangu.

Jumanne ya tarehe 21, treni ya mizigo ilikuwa inapita. Mama Winfrida ana mazoea ya kusimamisha mkasi treni ikipita, kwa sababu meza hutetemeka. Mimi kwa mwaka mzima nilikuwa nakimbizana nayo ili nimalize kabla. Siku hiyo, sijui kwa nini, labda kwa uchovu, nilisimama. Nilikuwa nimefika mguuni. Nikasubiri mabehewa yote yapite, mkono wangu mmoja ukiwa umeshika mkasi na mwingine karatasi, bila kuwaza chochote, jambo ambalo kwangu ni nadra. Kisha nikaizungusha karatasi.

Mama alimtundika mlangoni. Kuku alizunguka upande mmoja, akarudi, akatulia, mguu mmoja juu. Dorkas hakufanya mzaha. Mama Winfrida alivuta fomu, akaandika kwenye mstari wa mwisho: "Kuku, mmoja. Anasimama." Akatia sahihi. Kisha akaninyooshea ule mkasi mweusi, upande wa vishikio, akaniambia: "Usikate kamba."

Kuku aliyebandikwa kwenye jalada la kijitabu hiki ulichokishika nimemkata mimi, kila mmoja kwa mkono. Mama aliwakagua wote, akarudisha sitini na mmoja. Kama wako ana kasoro, basi amenipita mimi na akampita yeye pia, na hilo halijawahi kutokea, kwa hiyo tazama tena. Baada ya sherehe ya kumuaga, mashine itaruhusiwa kukata kuku, kwa mchoro ulionakiliwa kutoka kwa kuku wa Mama. Miguu nitakata mwenyewe.

Kwa niaba ya kamati, wenzake wa meza ya mikasi, na kila nyumba yenye kuku juu ya mlango, tunakushukuru, Mama Winfrida. Nenda Sepuka salama. Nyumba ikupokee, Mzee Stanley akuandalie kiti kivulini, na kuku wako wa kweli watage vizuri wala wasiingie kwenye alizeti za watu. Siku ukipita Itigi, shikamoo zetu zitakuwa zinakusubiri mlangoni. Angalia juu kwanza, kisha uingie.

Eliana Moses
Meza ya Mikasi