Watoto Ambao Shibe Haiwafikii

Mgeni rasmi, Mkuu wetu wa Elimu, mwalimu mkuu uliyetupa ukumbi, wazazi wenzetu, nanyi watoto wa mstari wa mbele mnaoutazama mkoba wa mgeni kuliko mgeni mwenyewe:

KARIBU

Tunakupokea kwa moyo mkunjufu na meza tupu. Usituone wachoyo. Katoni la biskuti ulilotuletea tumelipokea kwa mikono miwili, kisha tukalirudisha garini kwako na kulifungia. Dereva wako ameshaambiwa na binti mmoja kwamba hajatia kitu mdomoni tangu jana. Tunaomba asimwamini. Amekula sasa hivi, mbele yetu.

TULIKOTOKA

Binti huyo tunamwita Hakimu, kwani hakuna sufuria isiyofikishwa mbele yake. Mama yake, mshonaji, ni mwenzetu. Alimzaa mtoto mlegevu kama kitambaa kilicholowa, asiye na nguvu za kunyonya. Akawa anamkamulia maziwa na kumdondoshea kwa kijiko, huku akiomba mtoto ale. Hakimu alipokaribia umri wa kwenda shule, dua ikajibiwa. Bibi yake akaipigia vigelegele sahani ya kwanza iliyomalizwa. Maskini, hakujua kwamba baada ya sahani ingefuata sufuria, kisha sufuria ya jirani.

Daktari akatueleza: watoto wetu wana hitilafu adimu ya vinasaba. Tumbo hujaa, ubongo haupati habari. Sisi tuliomba wale. Kuomba washibe hatukukumbuka.

CHANGAMOTO

Hakimu aligonga milango ya mtaa akisema kwa upole, "Kwetu hatupiki." Majirani wakampa yeye mkate, mama yake wakampa jina baya. Shuleni, wenzake wakiwa uwanjani, alikula vyakula vya darasa zima. Mwalimu akamwita mwizi, akarudishwa nyumbani. Huko akala maharage mabichi yaliyolowekwa. Akalazwa, na tukadhani tunampoteza.

Aliporuhusiwa, mama yake akatia jiko kufuli huku machozi yakimtoka. Shangazi mtu akamuuliza, "Wewe ni mama au askari jela?"

"Niache, wifi," akajibu. "Umama nilishaujaribu, akaishia wodini."

MAFANIKIO

Jioni ile Hakimu alilivuta kufuli, akalivuta tena, halikufunguka. Akashusha pumzi. "Basi," akasema, "sasa naweza kucheza." Akacheza mpaka akasinzia kwenye vipande vya vitambaa.

Nasi wengine tukafunga majiko. Funguo tunazivaa shingoni hadi bafuni. Mwenzetu kinyozi aliusahau wake ndani ya jiko alilolifunga, nyumba nzima ikalala njaa. Mkewe bado hajamsamehe.

MAOMBI

Hatuombi jengo wala chakula. Tunaomba walimu waelezwe kwamba njaa hii si tabia mbaya, na darasa lenye mtoto wa namna hii liruhusiwe kuweka vyakula vya wote kwenye kabati lenye kufuli. Mwalimu mkuu ametuahidi: kabati likiingia, Hakimu anarudi. Seremala wetu ameshalitengeneza. Ndilo hilo uliloliegemea. Limebaki neno lako.

Kama unaweza, litamke leo. Hakimu amevaa sare ya shule tangu alfajiri, na hakuna aliyethubutu kumwambia aivue.

Mola akujalie afya, akulinde njiani, na akuzidishie watoto wa kukusumbua.

Ni sisi,
Umoja wa Wazazi Wenye Funguo Shingoni