Fundi Aliyesikiliza Mabomba

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka fundi bomba mmoja. Jina lake la mtaani lilikuwa Sikio. Ametutoka wiki iliyopita, akiwa na miaka sabini na minne.

Kazi yake ilikuwa kutafuta maji yanayovuja chini ya ardhi. Kifaa chake? Nondo. Narudia, nondo tupu. Alfajiri, kabla watu hawajafungua maji, aliisimika barabarani, akabandika sikio juu yake, akafumba macho. Wapita njia walidhani akili zimemruka. Mkewe alikuwa akicheka: "Mimi nikimwita mara tatu hasikii, lakini bomba likinong'ona anaruka!"

Mwaka ule wa ukame, bwawa lilibaki maji kidogo juu ya tope. Mtaa wa juu ulikaa miezi minne bila maji. Wakubwa wa idara ya maji wakataka kuvuta maji ya chemchemi ya mwisho iliyobaki. Sikio akawaambia: "Jamani, maji tunayo. Yanamwagika chini ya miguu yetu. Nipeni wiki mbili."

Wakampa. Akachimbua mbele ya soko. Pakavu. Akachimbua kwingine. Pakavu. Wachuuzi wakamzomea. Zikabaki siku tatu.

Jioni hiyo, jikoni, alimwambia bintiye jambo alilolificha mwaka mzima: masikio yake yamekufa. Binti anakumbuka: "Baba alilia. Nikamwambia, si nina yangu mawili? Nifundishe."

Kulipopambazuka, nondo ilikuwa mikononi mwa binti. "Baba, hapa panachemka kama sufuria iliyofunikwa!" Ilikuwa chini ya ukuta wa shule. Walipochimba, walikuta bomba kuu lina ufa wa urefu wa mkono.

Wakaliziba. Mtaa wa juu ukapata maji kabla ya adhuhuri. Chemchemi haikuguswa. Mpaka leo haijaguswa.

Wakubwa walipompongeza, Sikio alisema: "Mimi sikusikia kitu. Ni huyu." Alijua anaweza kufukuzwa. Badala yake, binti aliajiriwa, naye baba akawa mwalimu. Wanafunzi aliowaacha ni kumi na mmoja.

Mama, dada yetu, na ninyi wanafunzi wake, poleni sana. Mimi ni mtoto wa mtaa wa juu. Nina deni la shukrani nisiloweza kulimaliza.

Na wewe msikilizaji, tutafakari pamoja. Bomba la maliwato hapa studio linadondosha maji tangu mwezi wa tatu. Kila siku nalisikia, kila siku nalipita. Nikitoka hapa, nakwenda kulitengeneza. Lako je?