Kitabu cha Wageni cha Kajuju

Jumanne, tarehe kumi na nne, mwezi wa tatu, mwaka wa elfu mbili na ishirini na tatu. Saa tatu asubuhi. Wasikilizaji wapendwa, mimi siku hiyo siisahau. Ndiyo siku mke wangu aliwapa wageni kitabu.

Mnanijua. Mimi ni Salesio Kobia. Kila Jumamosi hapa redioni nawasomea kumbukumbu za watu wenu waliofariki. Leo ni ya mtu wangu. Leo ni mke wangu, Kajuju.

Kajuju alizaliwa Laare, kwa wakulima wa miraa. Alifika kidato cha pili. Mimi niliishia darasa la tano, kwa hivyo nyumbani mwalimu alikuwa yeye. Tulikuwa na shamba mlimani, juu ya Maua, mahali ukungu ukiondoka asubuhi unaona nchi yote ya chini mpaka mbugani. Mwaka wa elfu mbili na kumi na mbili akaniambia, "Baba Purity, watu wanatoka mbali kuja kuona wanyama, na wanalala gari. Si tuwape kitanda?"

Nikacheka. Nani alale kwetu? Lakini alijenga. Vyumba vitatu, vitanda sita. Yeye na wanawake wa kanisa wakafyeka njia kwa panga, kutoka mlangoni kwetu hadi kwenye maporomoko. Asubuhi mgeni anapewa uji wa wimbi kwa kibuyu, halafu anapelekwa kwenye jiwe kungoja ukungu uondoke. Hiyo njia ni ya Kajuju. Hilo jiwe, aliyelitambua ni Kajuju. Nasema mara mbili kwa sababu kuna watu wanasikiliza wakijifanya hawajui.

Wageni walikuja. Mwalimu mmoja wa Embu, Stephen, alileta wanafunzi kila Agosti. Na kila mgeni aliandika kwenye kitabu chenye jalada la kijani, kalamu imefungwa na uzi. Jioni Kajuju alinisomea. "Huyu anasema blanketi ni zito kama ng'ombe." Tunacheka.

Sasa hiyo Jumanne. Gari nyeupe ya serikali ikaingia, maafisa wawili wa ofisi ya utalii. Kwetu mgeni haulizwi amekuja na maneno gani kabla hajamaliza kibuyu. Wakamaliza. Wakaongezewa. Kufikia hapo Kajuju alishawatembeza kila mahali. Njia, maporomoko, jiwe, saa ambayo ukungu unaondoka. Mmoja akapiga picha. Mwingine akapima uwanja kwa hatua.

Wakasema, "Mama, tunaomba hiki kitabu tukaangalie wageni wanatoka wapi. Ijumaa tutarudisha."

Akakifunga kwa gazeti, akawapa. Akaongeza ndizi.

Shemeji yangu Mithika alikuwa hapo. "Dada, kwani hukuwapa na paa la nyumba?"

"Wacha wewe. Hao ni wageni."

"Mgeni gani anapima uwanja kwa hatua?"

"Labda anataka kujenga choo," Kajuju akasema, na tukacheka sisi wote. Mimi pia nilicheka, wasikilizaji. Mimi pia.

Ijumaa ilipita. Mwaka haukuisha kabla ya serikali kujenga nyumba yake ya wageni pale njia inapoanzia. Ukuta wa mawe, geti, askari. Njia ya Kajuju ikaingia ndani ya geti. Kwenye bango lao wakaweka picha ya kibuyu cha uji, na mimi kile kibuyu nakijua, kina ufa karibu na mdomo. Kibao chetu kikang'olewa, ati kiko kwenye barabara. Leseni yetu ya kulaza wageni ikakwama kwa ofisi ile ile iliyojenga nyumba ile. Refa amevaa jezi ya timu, na filimbi bado iko mdomoni. Utamfunga bao lini?

Mwalimu Stephen akapiga simu. "Mama, nisamehe. Tumeandikiwa barua, wanafunzi walale kwa serikali." Kajuju akamwambia, "Hakuna neno, mwalimu. Wavae masweta."

Mimi nilitukana. Yeye alitandika. Kila Ijumaa vitanda sita, mashuka safi, na hakuna mtu anakuja.

Alienda kwa ofisi yao mara tatu, na binti yetu Purity. Mara ya kwanza waliambiwa kitabu kimepelekwa makao makuu. Mara ya pili, afisa amehamishwa. Mara ya tatu, kijana mmoja kwa dirisha akauliza, "Kitabu gani?" Purity anasema, "Mama aliondoka pale dirishani. Alikaa kwa ngazi akavua viatu, akasema miguu imechoka."

Mwaka jana, mwezi wa tisa, moyo wake ukasimama. Daktari alisema ni ugonjwa wa siku nyingi. Sisemi wao ndio walimuua. Nasema tu alipokuwa kitandani aliniambia, "Baba Purity, wabaki na njia. Wabaki hata na jiwe. Kitabu kirudi."

Nikamuuliza, "Kwani kina nini?" Akaniangalia. "Umesahau ukurasa wa kwanza?"

Sikuwa nimesahau. Tulipofungua, mwezi mzima hakuna mgeni alikuja. Kitabu cheupe. Nikaona anakifungua, anakifunga. Basi nikalala chumba namba moja. Asubuhi nikashika kalamu, nikaandika kwa hii mikono ya kufunga miraa: "Salesio Kobia. Natoka Laare. Nimelala vizuri. Uji ulikuwa moto. Mwenye nyumba ni mrembo. Nitarudi."

Kajuju alicheka mpaka akakaa chini. "Eti unatoka Laare! Si unatoka hapo chumbani!"

Hiyo ndiyo barua pekee niliyowahi kumwandikia.

Wasikilizaji wapendwa, pole kwako binti yangu Purity, unayenisikiliza huko mtaa wa Dallas, Embu. Pole kwa Mithika. Pole kwa wanawake waliofyeka ile njia, na leo wanasimamishwa getini. Nami nijipe pole, kwa sababu studio tuko wawili tu, mimi na fundi mitambo Kiunga, naye ameangalia chini.

Na wewe mwenye ofisi, fikiria. Ukipewa kibuyu na mama wa watu, ukinywa, ukiongezewa, unaondoka na nini kwapani? Sitaki geti livunjwe, sina nguvu hiyo. Jumatatu nilienda mwenyewe kwa lile dirisha, mara ya nne hiyo, nikauliza alivyouliza yeye. Walifunga pazia. Basi nauliza hapa, hewani, mkisikia nyote: kitabu cha Kajuju kiko wapi?