Mpira Uliovaa Chuma

Kijiwe cha Gereji pale stendi ya Mbinga hakina kiti hata kimoja kilichonunuliwa. Benchi lake ni siti ya lori lililozeekea kubeba kahawa, limeegemezwa kwenye ukuta wa duka la vipuri la Rodrick, na pembeni yake Ottilia ana jiko la mkaa, birika mbili za kahawa na tangi la maji ya kuoshea vikombe. Wenye kijiwe wana kipaji kimoja: jambo wasilolijua ndilo wanalolieleza vizuri zaidi. Jumamosi ile walikuwa wamelipata gari la abiria la dereva Beatha. Lilikuwa juu ya jeki mbele yao, matairi ya mbele yamevuliwa, na nyuma yake, chini ya maandishi ya TUTAFIKA TU, abiria walikuwa wamekalia mizigo yao wakingoja kuteremka ziwani.

Beatha mwenyewe alisimama tu, mikono kiunoni. Alhamisi, kwenye kona moja ya mteremko wa Mbamba Bay, pedeli ya breki ilizama chini ya mguu wake kama vile amekanyaga uji. Alijiokoa kwa gia namba moja na tuta la udongo. Abiria walimpigia makofi wakidhani ni mbwembwe, naye hakuwaambia kitu, ila usiku ule hakulala. Leo Rodrick, ambaye ni fundi pia, amefungua, wakaukuta mpira wa breki, ule mwembamba unaopeleka mafuta kwenye gurudumu, umevimba katikati kama koo la chura.

– Dawa yake hii hapa, – alisema Rodrick, akiuzungusha hewani mpira mwingine uliofumwa waya wa chuma mwili mzima. – Chuma kisichoshika kutu. Nafunga sasa hivi, kabla ya saa sita mko ziwani.

– Hapo umenena, – alidakia Aloyce. Huyu wanamwita Injinia kwa sababu aliwahi kutengeneza redio ya paroko, ikaongea siku mbili. – Mpira mtupu ukikanyagiwa unavimba, nguvu ya mguu inaishia njiani. Ukivikwa waya hauvimbi. Ukigusa pedeli tu, gari linakusalimia.

Hilo Beatha alilikubali. Ndilo lililomfanya apige simu Songea, kwenye duka analoliamini, aagize mipira ya aina hiyohiyo, nayo ilikuwa kwenye basi la mchana. Kilichomkera ni kwamba Injinia huwa hawezi kusema jambo la kweli akaishia hapo.

– Tatizo ni radi, – aliendelea Injinia. – Chuma chini ya gari, mvua zenyewe hizi za kwetu! Ndiyo maana wahenga wakasema, kikulacho ki nguoni mwako. Mpira umevaa nguo ya chuma, umeona?

– Radi si kitu, – alisema Mzee Nathanieli, dereva mstaafu wa lori, maarufu kwa jina la Gia Moja. – Kitu ni ziwa. Mbona gari likienda kule linakimbia, likirudi linalia? Ziwa linavuta, mwanangu. Maji mengi vile yana sumaku. Ukiongeza chuma, umeliongezea hamu.

– Mzee, mabati ya kanisa la Ngumbo, pale ufukweni, mbona hayajaingia majini? – aliuliza Beatha.

– Yamepigiliwa misumari! Mimi miaka thelathini nimeshuka na gia moja. Mwenda pole hajikwai. Sasa breki za nini?

Benchi likacheka. Ottilia akafungua bomba la tangi asuuze vikombe, na jicho la Beatha likafuata maji. Kutoka kwenye tangi hadi kwenye bomba kulikuwa na kipande cha mpira uliofumwa waya, unene uleule, mng'ao uleule, na katikati ya waya umepita uzi mwekundu na wa bluu. Akautazama mpira wa Rodrick. Uzi mwekundu. Uzi wa bluu.

– Dada Ottilia, huo mpira wa tangi ulinunua wapi?

– Kwa wauza mabomba, sokoni. Si ule wa masinki?

Beatha akanyoosha mkono kwa Rodrick. – Lete hapa.

Aliuminya kwa vidole viwili, ukabonyea. Aliugeuza huku na huku kutafuta maandishi ya mtengenezaji au kipimo cha presha, hakuona hata herufi. Mwishoni kulikuwa na alama za nyundo.

– Vichwa nimebadilisha, – alisema Rodrick kwa sauti ndogo. – Vya breki kabisa. Kizuri chajiuza, dada.

– Na hiki umekitembeza kijiweni tangu asubuhi. Umalizie methali.

Hapo mtu angetegemea kijiwe kitahayari. Thubutu! Kijiwe cha Gereji hakijawahi kutahayari.

– Kwani maji na mafuta ya breki si vyote vinamiminika? – aliruka Injinia. – Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hata tembo linayakubali maji, sembuse mpira?

– Tangi la Ottilia limewahi kupasuka? – aliuliza Gia Moja.

– Tangi la Ottilia halijawahi kukanyagiwa breki kwenye kona likiwa na watu tisa, – alijibu Beatha. – Nangoja basi la Songea.

– Abiria watahamia gari lingine.

– Wahamie.

Gia Moja akacheka puani. – Tuseme ukweli tu, jamani. Mama kaogopa mteremko.

Neno hilo lilimfika. Miaka mitatu alikuwa dereva pekee mwanamke katika njia ile, na miaka mitatu walikuwa wakilingoja. Alikuwa amepanda na homa, ameshuka na ukungu, ili tu wasilipate. Akautazama ule mpira wa sinki mkononi, akakumbuka pedeli ilivyozama.

– Ndiyo, nimeogopa! – alisema, na stendi nzima ikasikia. – Kabandikeni kwenye mbao za matangazo, Beatha kaogopa. Mtangaze na kanisani kesho. Gari hili halishuki na mpira wa sinki, hata mkiniita nani.

Kutoka kwenye mizigo akainuka bibi mmoja, kapu la maharage mkononi, akaja polepole hadi kwenye benchi.

– Shikamoo bibi, – walisema wote.

– Marahaba, wanangu. Naitwa Walburga, narudi Ngumbo, mjukuu wangu anapata kipaimara kesho. Nimewasikiliza tangu mwanzo. Haya ya mipira mimi siyajui, nina swali moja tu. Kiti cha mbele bado kina nafasi. Ukifungwa huo mliouchagua ninyi, nani kati yenu atakaa hapo?

Injinia akaipuliza kahawa yake, ambayo ilikuwa imepoa zamani. Gia Moja akainama kufunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa kandambili. Rodrick akasema dukani hana wa kumwachia, na mkewe amesimama mlangoni akimtazama.

Bibi Walburga aliwangoja, mmoja mmoja. Kisha akamgeukia Beatha.

– Na huo wa Songea ukifungwa, mama, utakaa wewe?

– Bibi, mimi ndiye dereva. Sina pengine pa kukaa.

– Basi tutangoja. Kipaimara ni kesho. – Akawapungia wenzake. – Jamani, njooni mkae!

Abiria wakaja na mizigo yao, na benchi likajaa hadi wenye kijiwe wakajikuta wamesimama. Ottilia akawamiminia wageni, kikombe baada ya kikombe. Injinia alipopenyeza cha kwake, birika ya pili ilitoa tone moja.

– Imeisha, – alisema Ottilia, wala hakuomba radhi.

Beatha akauweka mpira wa Rodrick juu ya tangi la maji. – Akiba yako hii, dada. Wa bomba ukichakaa.

Bibi Walburga akasogeza kapu lake, nafasi ikapatikana. Na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, Beatha akakaa, akanyoosha miguu.