Fundi Aliyesikiliza kwa Meno

Baba yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Taimingi hata wengine wakadhani ndilo jina la ukoo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao, mtoto wa nne na wa mwisho. Bibi alikuwa akisema kwamba hakulia alipozaliwa. Alitulia tu, kana kwamba kuna kitu anakisikiliza.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli, kisha chuo cha ufundi, alikohitimu mwaka 1970. Hesabu zilimpiga chenga maisha yake yote na hakuona aibu kusema hivyo.

Mwaka 1974 alifungua gereji ya pikipiki kando ya ukuta wa kituo cha mafuta. Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kutafuta kasoro ya taimingi ya vali. Kwa wasiojua, vali ni vilango vya injini: kimoja huingiza hewa na mafuta, kingine hutoa moshi, na mnyororo mdogo huvifungua na kuvifunga kwa zamu; mpangilio huo wa zamu ndio taimingi. Mnyororo huo ukikaa vibaya kwa jino moja tu la gia, pikipiki huwaka kwa shida, hupiga chafya na kugoma mlimani. Baba aliweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye kichwa cha injini, mpini sikioni, akasema, "Nyamazeni kidogo." Kisha akataja ugonjwa. Mimi binti yake nimeliona jambo hilo tangu utotoni, na kila mara nilishangaa upya.

Ndivyo alivyompata Mama, fundi cherehani, aliyefika na pikipiki ya kaka yake. Alikuwa anaeleza tatizo, Baba akamwambia anyamaze. "Nikamwambia, kaka, wewe huna adabu," Mama husimulia. "Akanijibu, 'Subiri, dada, nikimaliza hapa nitakusikiliza wewe mpaka uchoke.'" Walifunga ndoa tarehe 2 Desemba 1978. Mama hajachoka mpaka leo.

Mwaka 2009 masikio ya Baba yakaanza kufa. Alificha, hata kwa Mama. Aliendelea kuunga injini bila kuzisikiliza kwa bisibisi mwishoni kama zamani, huku roho ikiwa juu. Mwaka uliofuata alifunga gereji, akawa anashinda sebuleni akitazama ukuta. Tuliogopa sana. Mcheshi wetu alikuwa anatuponyoka angali hai.

Kisha akaja mkunga wa zahanati. Pikipiki yake, ambayo Baba ndiye aliyeiunga mara ya mwisho, ilikuwa inagoma mlimani, na huko juu kulikuwa na wajawazito wanaomtegemea. Mafundi wengine walikuwa wameshabadilisha plagi na kabureta bila mafanikio. Baba alitikisa kichwa, akaonyesha masikio yake.

"Masikio ndiyo yamekufa," Mama alimwambia polepole ili aisome midomo yake. "Wewe hujafa. Hebu toka nje."

Alitoka. Injini ikawashwa. Aliweka ncha ya bisibisi mahali pake pa zamani, akasita, kisha akauma mpini kwa meno na kufumba macho. Machozi yakamtoka. Alikuwa anasikia! Mlio ulikuwa unapita kwenye mifupa ya taya.

"Jino moja," alisema.

Akazima, akafungua, akazungusha injini taratibu kwa spana. Kwenye gurudumu la sumaku kuna herufi mbili jirani, T na F, na mnyororo hufungwa T ikiwa mahali pake. Yeye alikuwa ameufunga kwenye F, ukakaa jino moja pembeni, kosa ambalo sikio lake la zamani lingelinasa papo hapo.

"Mkunga, hili ni kosa langu," alisema. "Nisamehe."

"Nimekusamehe, mzee. Funga basi, watu wananisubiri."

Asubuhi ile pikipiki ilipanda mlima bila kukohoa, na gereji ikafunguliwa tena.

Mama naye akapata wazo. Aligusanisha paji lake la uso na la Baba, akasema neno, na sauti ikamfikia. Sisi wana tulipowaona hivyo tulidhani ni mahaba ya uzeeni, tukawa tunawapisha huku tukicheka. Mara nyingi walikuwa wanabishana tu kuhusu bomba linalovuja.

Januari 2024 figo zake zilianza kushindwa. Alilazwa mara kadhaa, na tarehe 14 Juni, saa nne asubuhi, hakuwa tena na nguvu ya kufumbua macho asome midomo yetu. Tulisimama kuzunguka kitanda, kila mmoja ana la kumwambia na hana pa kulipitishia. Mama akainama, paji kwa paji. "Niko hapa," alisema. "Sote tupo."

Baba akajibu, "Nimekusikia." Hakusema tena.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, dada mmoja, na mafundi wa gereji yake ambao hadi leo huuma bisibisi ingawa masikio yao ni mazima.

Sasa nawaomba, kama alivyozoea kutuomba yeye: tunyamaze kidogo. Alale kwa amani.