Makaa ya Magunzi

Kosa lilikuwa langu. Kwenye gari la kwenda Manga nilikalia gunia la mama mmoja nikidhani ni kiti, nikasikia vitu vinavunjika.

"Kaa tu, tata," akasema kwa uchovu, akiniita baba kwa lugha ya kwao. "Ni makaa ya magunzi ya mahindi. Nitayaponda nichujie maji."

Aliyeketi kando yake, jamaa wa koti la kaki, akacheka. "Maji ya kisima, mama, unachuja nini?"

"Dawa. Kliniki iliyo juu yetu inamwaga zilizoharibika, zinateremka kisimani. Mjukuu wangu si mgonjwa, lakini anakunywa dawa za wagonjwa wote."

"Si mnatibiwa bure!"

Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe.

"Makaa nayo huchoka kuchuja, mwanangu. Kila mara nachoma mengine. Magunzi yetu yameisha, haya nimeomba kwa dada yangu kule Nyamarambe."

Jamaa akamgeukia. "Ni ile kliniki ya geti la bluu?"

"Hiyo hiyo."

"Mimi ndiye askari wa pale. Nikiambiwa mwaga, namwaga."

Gari likasimama. Askari akamshushia mama gunia polepole, kama lina mayai.

"Basi kesho usimwage, mwanangu," mama akamwomba.

Sote tukashuka tukiangalia tu mahali pa kukanyaga, wala si uso wake.