Matoleo Elfu Moja na Sita ya Jumanne: Maisha ya Merrilyn Hocking

Ndugu, jamaa na majirani wa Moonta, wasifu huu umeandikwa na mdogo wake marehemu, Glenys Pengelly, naye ndiye anayeusoma. Marehemu aliagiza mwenyewe uwe mfupi, uwe na tarehe sahihi, na usimgeuze malaika. Hilo la mwisho halina taabu, maana waliokaa naye wanamjua.

Merrilyn Joy Trezise alizaliwa tarehe 9 Agosti 1951 katika hospitali ya Wallaroo, mtoto wa pili wa Clarrie na Edna Trezise. Baba alikuwa fundi wa kiwanda cha mbolea, na mama alishona mapazia ya watu. Mama alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu ukimwambia achote unga kidogo, atakuuliza, "Kidogo ni vijiko vingapi?" Alichapwa kwa ajili hiyo, kwani siku zile swali la mtoto lilihesabiwa kuwa ubishi. Hakuacha kuuliza.

Alisoma shule ya msingi hapa Moonta, kisha sekondari ya Kadina kuanzia 1964 hadi 1968. Katika miaka hiyo alimfundisha mdogo wake kuendesha baiskeli kwa kumwandikia karatasi yenye maelekezo kumi na moja. Mdogo mtu aliyafuata moja baada ya jingine mpaka akajikuta ndani ya ua la miiba la mzee Rodda. Dada akaja mbio, akamwinua, na wala hakuuliza kama ameumia. "Ulikuwa umefika namba ngapi?" ndilo lililomtoka. Ikaonekana hakuandika popote namna ya kusimama. Aliomba radhi, akaongeza breki, na kovu la goti lipo mpaka leo kwa atakayetaka kuliona baada ya maziko.

Mwaka 1969 aliajiriwa kituo cha simu cha Kadina, akawa anaunganisha simu za watu kwa mkono na kusikia siri za rasi yetu nzima bila kuitoa hata moja. Mitambo ilipoanza kujiunganisha yenyewe, kazi ikafa, na mwaka 1984 akahamia maktaba ya mji, alikofanya kazi miaka ishirini na minane. Ni huko alikokutana na programu huria, zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzifungua na kuzirekebisha bila kuomba ruhusa ya mtu. Siku ya Ijumaa Kuu ya mwaka 2004, maktaba ikiwa imefungwa, aliziweka kwenye kompyuta zote sita za pale, mashine chakavu ambazo zilikuwa zikingoja kutupwa. Mashine zikafufuka kabla ya Pasaka, alipenda kusema, Mungu amsamehe.

Jumanne wazee wakaja kusoma barua pepe zao, wakakuta kioo cha kompyuta si kile walichokizoea.

"Merrilyn, umefanya nini? Barua zangu ziko wapi?" akauliza Mzee Clem Rodda, mfuga kondoo, yule yule wa ua la miiba.

"Zipo palepale, Mzee Clem. Mlango tu ndio umehama."

"Nani alikutuma uhamishe mlango? Mimi ule nilishauzoea."

Akamwandikia karatasi moja ya maelekezo. Kesho yake wakaitaka wengine wanne. Tarehe 8 Machi 2005 karatasi hizo zikawa ukurasa kwenye mtandao, uliotoka kila Jumanne asubuhi: nusu habari za matoleo mapya ya programu, lipi zuri na lipi watu waliache kwanza wiki mbili, nusu nyingine mwongozo wa kufanya jambo moja mpaka mwisho. Hakuruka Jumanne hata moja. Wasomaji wakafika elfu mbili na zaidi, kutoka Darwin mpaka Invercargill, na mwalimu mmoja wa Tarawa aliandika kwamba darasa lake zima linaendeshwa kwa miongozo ya bibi wa Moonta.

Alifunga ndoa na Garth Hocking tarehe 23 Novemba 1974 katika kanisa la Kimethodisti la hapa hapa. Garth alikuwa mfanyakazi wa maghala ya shayiri ya Wallaroo, mtu wa mikono mikubwa na maneno machache, na kompyuta alikuwa akiziogopa kama nyoka wa kahawia. Walijaliwa watoto wawili, Lowenna na Denzil.

Sasa hapa ndipo tuseme siri ya miongozo ile, maana wengi walidhani ni elimu kubwa. Ilikuwa ni Garth. Kila Jumatatu alasiri alikalishwa mbele ya mashine na mwongozo mpya, aufuate kama ulivyo. Merrilyn alikaa nyuma yake, mikono ameikalia, mdomo ameufunga. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria: haruhusiwi kusema wala kuonyesha kidole.

"Hapa umesema nibonyeze kitufe cha chini. Viko viwili."

Kimya.

"Bibi wee, nasema viko viwili."

Kimya. Garth akibonyeza kisicho chenyewe, mambo yakiharibika, Merrilyn alichukua karatasi akaandika hatua ile upya, na mzee akaanza mwanzo. Kuna mwongozo uliomrudisha mwanzo mara tisa. Alikuwa akitoka nje kwenda kuzitukana nyanya zake bustanini, kisha anarudi kukaa.

Lakini tuliambiwa tusimfanye malaika, basi na hili lisemwe. Jumanne ya tarehe 17 Mei 2011 mwongozo mmoja ulitoka bila Garth, kwa kuwa alikuwa Adelaide kwenye mashindano ya kuviringisha mipira kwenye nyasi na Merrilyn hakutaka kuikosa Jumanne. Ulikuwa wa kuhamia toleo jipya. Kwenye mashine yake picha zilikaa diski ya pili, akaandika: futa diski ya kwanza. Kwenye mashine ya Halina Wozniak, mama mjane wa Port Pirie, picha zote za marehemu mwanawe zilikuwa diski ya kwanza. Halina alipiga simu Jumatano. Hakugomba.

"Nimefuata kila hatua, mama," alisema. "Kila hatua. Na mwanangu hayupo tena humu ndani."

Merrilyn alikaa chini pale pale sakafuni, simu mkononi. Alhamisi alfajiri yeye na Garth walikuwa barabarani. Walikaa kwa Halina siku nne, Merrilyn akichokoa diski ile kipande kwa kipande, Garth akimenya viazi jikoni. Picha zilirudi, isipokuwa kumi na tisa. Tangu siku hiyo juu kabisa ya ukurasa kuna maneno yake: kosa lilikuwa langu, nilidhani mashine yangu ni mashine ya kila mtu. Watu walimshauri ayaondoe, akakataa. Halina yupo nasi leo, mstari wa pili, na keki ya mbegu za mpopi iliyoko ukumbini ni yake.

Wakiwa njiani kurudi Garth alimwambia, "Ningekuwepo ningeziharibu za kwetu kwanza."

"Ndiyo kazi yako."

"Kazi gani hiyo? Ya kuwa mpumbavu?"

"Ya kupotea wa kwanza, mzee, ili wengine wasipotee."

Mwezi Septemba 2022 ulimi wake ulianza kuwa mzito. Madaktari walisema ni ugonjwa wa neva zinazoendesha misuli, na kwamba hauna dawa ya kuuponya. Sauti iliondoka kabla ya Pasaka iliyofuata. Mikono ikaanza kufuata. Alichofanya ni kuandika mwongozo wa mwisho, hatua ishirini na nne, kwa vidole viwili na baadaye kimoja: namna ya kutoa ukurasa wa Jumanne bila Merrilyn. Wasomaji waliobobea wangeleta habari na miongozo. Wa kuijaribu na kuitoa ni Garth.

Mdogo wake alimjia juu. "Dada, una wataalamu tele. Kwa nini unamtesa mzee wa watu?"

Alijibu kwa kuandika kwenye kioo, pole pole, dakika nzima: Wataalamu watapata pa kwenda Jumanne. Garth je?

Basi wakaanza, kila Jumatatu alasiri, yeye kwenye kiti cha magurudumu nyuma ya mumewe. Kilichobaki kwake kilikuwa macho, na kwa macho aliweza kusema ndiyo, hapana, kushoto na kulia. Mwezi Machi mwaka huu Garth alikwama hatua ya kumi na tano. Akageuka.

"Niambie ni cha kushoto au cha kulia. Kope tu, mke wangu. Mara moja."

Merrilyn akafumba macho. Mzee akaomba, akafoka, akapiga meza. Akasema, "Utakufa uniache na hili dude, na hata kope unaninyima?" Machozi yalimtoka Merrilyn chini ya kope zilizofumbwa, na hakuzifumbua. Mdogo wake alikuwepo, na siku hiyo alimchukia dada yake. Baada ya robo saa Garth aligeukia mashine, akasoma hatua ile tena kwa sauti, neno kwa neno, akabonyeza cha kulia. Ikakubali. Hapo ndipo macho yalipofunguka.

Merrilyn alifariki nyumbani, Jumamosi tarehe 15 Juni 2024, saa nne asubuhi, Garth na watoto wote wawili wakiwa kando yake. Alikuwa na umri wa miaka sabini na miwili, na ametoa matoleo elfu moja na sita ya ukurasa wake wa Jumanne.

Ameacha mume, Garth. Watoto, Lowenna na Denzil. Wajukuu watatu, Tamsin, Kerra na Jago. Mdogo wake, Glenys. Na wasomaji ambao tumechoka kuhesabu barua zao.

Jumanne wiki hii, siku ya tatu baada ya kifo, Garth alikaa mbele ya mashine. Shemeji yake, Glenys, alikaa nyuma, mikono ameikalia. Habari ya kutoa ilikuwa moja tu: Merrilyn amefariki. Katika majaribio yote walikuwa wakiishia hatua ya ishirini, kwani ya ishirini na moja ndiyo inayoutuma ukurasa kwa watu, nayo Merrilyn aliifanya mwenyewe kwa mashine inayofuata macho, na hizo nne za mwisho zilikuwa nyuma ya karatasi, upande ambao Garth hakuwahi kuugeuza. Akaugeuza. Ya ishirini na moja, akabonyeza, ukurasa ukaenda. Ya ishirini na mbili na ya ishirini na tatu zilikuwa za kuhakikisha umefika, na ulikuwa umefika. Ya ishirini na nne ilisema: Garth, umemaliza. Kama nilifumba macho, ni kwa kuwa nilijua unaweza. Zima mashine, ukale.

Aliisoma mara mbili. Kisha akasema bila kugeuka, "Shemeji, hii iko sawa. Haina cha kurekebisha." Akazima mashine, akaenda jikoni, akala pasti mbili za nyama.

Pumzika kwa amani, dada.